UZI: Riyali ya meli ya John Barry kuwa medalioni ya kumbukumbu ya baharini – vipimo, hatua na makosa ya kuepuka

Mwana_Fuawe (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni wa wenye riyali za fedha zilizoopolewa kwenye meli ya John Barry na wanaotaka kuzifanya medalioni ya kumbukumbu. Ushauri unaosikika sana ni "mpelekee sonara aiyeyushe, amimine upya, apige chapa ya nanga". Naupinga waziwazi, na nitaeleza njia mbadala kwa vipimo.

Historia kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayoandikwa juu ya medalioni na haifai kukosewa. John Barry ilikuwa meli ya mizigo ya Marekani, aina ya Liberty. Ilipakia riyali milioni 3 za Saudi Arabia zilizopigwa katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, zilizohitajika kulipia kazi za mafuta huko Saudia. Ikapita Mediterania, Suez na Aden. Tarehe 28 Agosti 1944 nyambizi ya Kijerumani U-859 iliipiga topido katika Bahari ya Arabuni, nje ya pwani ya Oman. Mabaharia 2 walikufa. Haukupita mwezi, 23 Septemba, nyambizi hiyo nayo ikazamishwa karibu na Penang na nyambizi ya Uingereza, HMS Trenchant. John Barry ilikaa kwenye kina cha takriban mita 2,600 mpaka 1994, ambapo meli ya kuchimbia, Flex LD, iliteremsha kucha kubwa la chuma mwishoni mwa msururu wa mabomba na kuinua riyali zaidi ya milioni 1.3.

Sarafu yenyewe ina gramu 11.6, fedha sehemu 917 kwa 1,000, kipenyo kama milimita 30. Kwa sisi wa pwani hayo ni madini ya rupia. Rupia ya Kihindi ya zamani na rupia ya Mjerumani zote zilikuwa gramu 11.66 za fedha 917. Sonara aliyezoea kufanya kazi na rupia anajua tayari riyali hii inavyoitika moto na nyundo.

Kwa nini isiyeyushwe? Ikishayeyuka ni fedha kama fedha nyingine yoyote. Kiwanda cha sarafu cha Uingereza, Royal Mint, kilipopiga Britannia za robo aunsi kwa fedha ya meli ya Gairsoppa, kiliandika jina la meli kwenye ukingo wa kila sarafu. Fedha ile ilikuwa mikuo, haikuwa na sura yoyote ya kuhifadhi, kwa hiyo kuiyeyusha hakukupoteza kitu. Riyali ina sura, ina mwaka, ina alama za bahari. Hivyo ndivyo vinavyoifanya kumbukumbu.

Msimamo wangu: sarafu ibaki nzima. Maandishi yote yaende kwenye duara la fedha linaloizunguka, pande zote mbili za sarafu zionekane, na siku mtu akitaka kuitoa aitoe bila kukata chochote zaidi ya ukuta mwembamba unaoishika. Maswali karibuni, kisha nitaweka vipimo.

Bandari_Kuu

Mkuu, ahsante kwa uzi. Swali langu ni la msingi. Riyali niliyonayo imeandikwa 1354. Mwaka 1944 ulikuwa 1363 Hijria. Tena imeandikwa kwamba imepigwa Makka, wewe unasema Philadelphia. Niende kwa sonara au kwanza nijue kama ni bandia?

Kaskazi_Mutrah

Ndugu Bandari_Kuu, mwaka 1354 ni sawa, na maandishi ya Makka ni sawa. Nakshi ilitengenezwa mwaka 1354, yaani 1935/36, na riyali za vita zilipigwa kwa nakshi ileile bila kubadilisha mwaka. Reale la Maria Theresa nalo limeendelea kuandikwa 1780 vizazi na vizazi. Riyali inayodaiwa kutoka John Barry ikiwa na mwaka 1363 ndiyo ya kutilia shaka.

Kipimo cha bandia ni maji. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kikombe cha maji na uzi mwembamba.

Pima sarafu ikiwa kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ukutani. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Riyali ya gramu 11.6 yenye fedha 917 itasoma karibu 1.12. Ingekuwa fedha nusu na shaba nusu ingesoma karibu 1.20. Ya shaba na nikeli, karibu 1.30. Futa mapovu yote kwa brashi laini kabla ya kusoma, kwa sababu povu moja kubwa linaharibu hesabu. Tone la sabuni ya maji linasaidia.

Jambo la kuelewa vizuri: kipimo hiki kinathibitisha fedha, hakithibitishi meli. Riyali za nakshi hiyohiyo zilifika Saudia salama kwa shehena nyingine na zikatumika sokoni. Kinachotenganisha yako na hizo ni karatasi zake na uso wake ulioguswa na bahari. Ndiyo maana nawaomba watu wasisugue sarafu ikang'aa kama kijiko kipya. Ukiondoa alama zote za bahari, umebaki na karatasi peke yake.

Mwana_Fuawe

Kaskazi amesema kweli tupu. Naongeza kwamba uzito nao ni taarifa. Bahari hula shaba iliyomo kwenye mchanganyiko kwanza, halafu uso unabaki fedha yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Sarafu ya gramu 11.5 ni nzima. Ikishuka chini ya 11 ichukulie kuwa dhaifu: isipigwe nyundo, isikunjwe, isipashwe moto. Idondoshe kutoka urefu wa sentimita 2 juu ya meza ya mbao. Nzima hulia kwa sauti ndefu, yenye ufa ndani hutoa sauti fupi iliyozimika. Yenye ufa iwekwe kwenye kiboksi cha kuonyeshea, medalioni ya kuvaliwa haiiwezi.

Dada_wa_Shangani

Kabla hamjafika kwenye fremu, naomba tuzungumzie chumvi, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia na fundi hulaumiwa bure.

Sarafu iliyokaa baharini miaka 50 ina kloridi, yaani chumvi ya bahari, ndani ya vile vitundu. Ukiifunga kwenye fremu bila kuitoa, unyevu wa Unguja au Muscat unaiamsha. Miezi michache baadaye utaona unga mweupe au kijani kibichi ukichungulia kwenye mpaka wa sarafu na fremu.

Utaratibu wa kuitoa ni mwepesi ila unataka subira. Nunua maji yaliyokenekwa (distilled). Mkiagiza dukani "maji ya betri" hakikisheni ni maji matupu ya kuongezea, kwa sababu kwa jina hilohilo maduka mengine huuza asidi. Tumia chombo cha kioo au plastiki chenye mfuniko, mililita 250 kwa sarafu moja. Pata na ile kalamu ya kupimia chumvi kwenye maji inayotumiwa na wauza maji na wafuga samaki wa mapambo. Pima maji kabla ya kutia sarafu, uandike. Pima tena baada ya saa 24, mwaga, weka mapya. Rudia mpaka namba ya kabla ya kutia sarafu na ya baada ya saa 24 zisitofautiane. Wiki mbili ni kawaida, na yenye ukoko mzito huenda mwezi. Maji ya bomba hayafai kwa hatua hii, yana klorini na chumvi zake.

Mwisho ichovye kwenye asetoni dakika chache ili maji yaliyojificha yatoke, halafu iache juu ya karatasi safi kivulini.

Na tafadhali, vitu hivi visiikaribie sarafu: ndimu na chumvi, dawa ya klorini ya kuweupishia nguo, dawa ya meno, majivu. Ndimu na chumvi huondoa weusi haraka, ni kweli, lakini huiingiza kloridi uliyotumia wiki mbili kuitoa, na huacha uso wa rangi ya waridi kwa sababu ya shaba inayotua juu yake. Klorini huishambulia fedha yenyewe. Dawa ya meno na majivu ni msasa.

Nahodha_Tudor

Na ile mbinu ya karatasi ya alumini na soda ya kufulia? Naiona kila mahali.

Dada_wa_Shangani

Inafanya kazi kwa weusi wa salfidi tu, ule mweusi mwembamba au wa zambarau. Alumini inachukua salfa na fedha inarudi mahali pake, hivyo hupotezi madini. Kijiko kimoja cha chai cha soda kwenye nusu lita ya maji moto, sarafu iguse alumini, dakika 2 hadi 3 basi. Ukoko wa kijivu unaokatika kwa kucha kama nta ni kloridi ya fedha, nao usiukwangue: chini yake mara nyingi maandishi hayapo tena, yamehamia ndani ya ukoko wenyewe. Madoa ya kahawia yametoka kwenye chuma cha meli, na hayo kwa maoni yangu yaachwe kabisa. Chuma kilichooza pembeni ya fedha ndicho kilichoilinda, kwa kuwa kilikubali kuliwa kwanza.

Ukimaliza na alumini rudi kwenye maji yaliyokenekwa siku 3 nyingine.

Mwana_Fuawe

Shukrani dada. Sasa vipimo vya fremu. Natumia riyali ya mm 30.5 kama mfano. Yako ipime kwa kaliba sehemu nne tofauti, chukua namba kubwa, kwa sababu sarafu ya baharini haiwi duara kamili.

Duara la nje: bamba la fedha 925, unene mm 1.2, kipenyo cha nje mm 42, tundu la katikati mm 28.5. Tundu ni dogo kuliko sarafu kwa mm 2, kwa hiyo kunabaki kingo ya mm 1 kuzunguka ambayo sarafu inaikalia. Upande wa nyuma wa sarafu unaonekana kupitia tundu.

Ukuta wa kuishika: ukanda wa fedha 925, unene mm 0.5. Urefu wake ni kipenyo cha sarafu kujumlisha unene wa ukanda, zidisha kwa 3.1416. Hapa ni 31.0 mara 3.1416, sawa na mm 97.4. Kata mm 98 kisha upunguze kwa tupa. Kosa la kawaida ni kusahau kuongeza unene wa ukanda. Ukuta unatoka mfupi kwa mm 1.6, na fundi anaanza kuulazimisha. Kimo cha ukuta ni unene wa ukingo wa sarafu, kujumlisha mm 0.6 za kulaza juu yake. Ukizidisha kimo, ukuta unafunika maandishi ya pembeni na ukilazwa unajikunjakunja.

Uzito: duara lililokwisha kukatwa ni kama gramu 9.3, ukuta kama 1.2, kitanzi cha kupitishia mnyororo gramu 1. Pamoja na sarafu unapata medalioni ya gramu 23 hivi. Lakini bamba la kuanzia ni mraba wa mm 44, gramu 24, na zaidi ya nusu yake hurudi kama mabaki. Elewaneni na sonara mapema mabaki ni ya nani.

Mpangilio wa moto, SARAFU IKIWA HAIPO KARIBU:

1. Funga ukuta kwa lehemu ngumu. Ncha zikutane bila mwanga kupita katikati, kwa sababu lehemu haijazi pengo.
2. Ujaribu kwenye sarafu ukiwa umepoa. Sarafu iingie kwa kusukumwa na kidole, itoke kwa kugongwa taratibu kiganjani.
3. Lehemu ukuta juu ya duara kwa lehemu ya kati. Pasha duara zima kwanza, ndilo zito. Ukielekeza tochi kwenye ukuta utayeyuka kabla duara halijawa tayari.
4. Kitanzi kwa lehemu laini, mwisho kabisa.

Lehemu laini huanza kutiririka kwenye nyuzi 700 na kidogo, ngumu hufika karibu 780, na fedha 925 huanza kulegea karibu 800. Nafasi ni finyu. Zima taa kali, fanya kazi kwenye kivuli uone rangi: wekundu hafifu unakaribia, wekundu wa machungwa umechelewa.

Kabla ya kila moto paka boraksi (unga unaosaidia lehemu itiririke) kwenye kiungo, na sehemu nyingine zote paka asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti, uichome ibaki utando mweupe. Bila hivyo shaba iliyo ndani ya fedha 925 huungua chini ya uso na kuacha madoa ya kijivu ambayo polishi haiyafikii. Baada ya moto tia kwenye asidi ya kusafishia. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Tumia koleo la shaba au plastiki. La chuma likiingia humo, shaba yote iliyoyeyuka kwenye asidi inakimbilia juu ya fedha yako na unapata rangi ya waridi.

Fundi_Makadara

Mwana_Fuawe, kazi nzuri, lakini napingana nawe kidogo. Wateja wengi hawataki duara la mm 42, ni kubwa kifuani. Wanataka upande mmoja wa sarafu usawazishwe uchongwe nanga na jina. Ni kazi ya zamani, mabaharia wa mataifa mengi wamechonga sarafu hivyo. Ukisawazisha upande mmoja kwa ustadi, ule mwingine unabaki salama.

Mwana_Fuawe

Fundi, naijua hoja na naiheshimu, lakini tazama hesabu. Sarafu ina unene wa wastani wa mm 1.5 hivi. Ili kufuta maandishi yaliyoinuka na kupata uso wa kuchonga, unatoa mm 0.3. Hiyo ni gramu 2.2, karibu moja ya tano ya sarafu. Halafu patasi ya kuchongea inashuka mm 0.2 nyingine kwenye madini yenye vitundu. Patasi hukwama kwenye kitundu, inaruka, na kingo za herufi hubanduka vipandevipande. Rupia safi ya nchi kavu haifanyi hivyo. Ya bahari hufanya.

Mwenye kung'ang'ania sura hiyo achukue rupia ya kawaida, aandike ukweli kwamba ni rupia. Aepuke rupia ya Kihindi ya 1940 hadi 1945, ni fedha 500 tu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ni mbaya zaidi, fedha 250, haifai kwa mazoezi ya kazi hii kabisa.

Kaskazi_Mutrah

Nami naongeza sababu nyingine ya kutosawazisha. Upande mmoja una jina la mfalme Abdul-Aziz, na sarafu inataja Makka al-Mukarrama. Kwa wengi wetu kukwangua majina hayo kwa tupa si jambo jepesi, na mteja huenda asiyasome mpaka kazi iishe. Sonara amsomee mteja maandishi yote kabla ya kupokea kazi. Kwa ajili hiyohiyo napendelea kitanzi kinachofunguka, mvaaji aweze kuivua kwa urahisi anapoingia mahali pasipofaa kuingia nayo.

Fundi_Makadara

Hesabu ya gramu 2.2 imenishinda, nakubali. Swali la pili: kuipiga upya kwa mashine, sarafu yenyewe ikiwa ndiyo kipande cha kupigwa?

Mwana_Fuawe

Mashine ya haidroliki ya tani mia na zaidi, kalibu mbili za chuma kigumu, na pete ya kuzuia madini yasitanuke pembeni. Sarafu lazima ilainishwe kwanza kwa moto wa nyuzi 600 hadi 650, na hapo kloridi iliyobaki inafanya malengelenge. Baada ya yote, panga na mitende ya chini hubaki kama kivuli chini ya nanga, na yenye ufa hupasuka kuanzia ukingoni. Sioni faida.

Nahodha_Tudor

Mimi nina la maandishi. Nimeona miundo ikiandika "U.S.S. JOHN BARRY". Hilo ni kosa. U.S.S. ni manowari ya jeshi la Marekani. Hii ilikuwa S.S., meli ya biashara, ingawa mizinga yake ilishikwa na kikosi cha ulinzi cha jeshi la majini kilichopangwa kwenye meli za mizigo wakati wa vita. Uhusiano wake na jeshi la majini uko kwenye jina pia. Komodoo John Barry, mzaliwa wa Wexford, Ireland, 1745, alikabidhiwa na George Washington mwaka 1797 hati ya uofisa namba 1 ya jeshi la majini la Marekani. Alifariki 1803 na kuzikwa Philadelphia, mji uleule zilikopigwa hizi riyali.

Nanga inafaa, ni ya mabaharia wote. Tai wa jeshi la Marekani au nembo ya kikosi isiwekwe. Wala isifungwe kwenye utepe wa rangi wa kubandika kifuani, kwa kuwa itaonekana kama nishani iliyotolewa na serikali. Mnyororo au kiboksi, basi.

Na iandikwe madini yametoka wapi. Mwaka 1897 Foudroyant, iliyowahi kuwa meli ya bendera ya Nelson, ilivunjika Blackpool, na medalioni za shaba zilizotengenezwa baadaye zilitaja wazi kwamba shaba ni ya meli hiyo. Tofauti ni kwamba hapa kuna madini mawili: sarafu ni ya meli, duara si la meli. Medalioni iseme hivyo.

Bandari_Kuu

Nahodha, nimepanga hivi mbele: S.S. JOHN BARRY · 28 AGOSTI 1944 · BAHARI YA ARABUNI. Itaenea?

Mwana_Fuawe

Haitaenea vizuri. Ukitoa ukuta, upana wa duara uliobaki mbele ni mm 5 na kidogo. Mstari wa herufi unakaa kwenye kipenyo cha mm 37 hivi, mzingo wake mm 116. Maandishi yako na nafasi zake ni alama 52, yaani mm 2.2 kwa kila alama. Herufi ya kimo cha mm 2.5 inataka kama mm 2.5 pamoja na nafasi yake. Zitabanana na baada ya mwaka wa kuvaliwa hazisomeki.

Mbele weka S.S. JOHN BARRY · 28 AGOSTI 1944 peke yake. Alama 32, zinapata mm 3.6 kila moja, na pumzi inabaki kwa nanga ndogo chini. Nyuma, kuna upana zaidi, weka 15°10′ N 55°18′ E na RIYALI YA MELI, DUARA FEDHA 925.

Chora kwanza kwenye karatasi kwa kipimo halisi, ikate, ibandike juu ya duara. Anza kugawa kutoka juu katikati kwenda pande mbili. Anayeanzia herufi ya kwanza na kuzunguka hukuta nafasi imeisha kabla ya mwaka.

Dada_wa_Shangani

Anayetaka tarehe ya Hijria aandike RAMADHANI 1363 bila siku. Meli ilizama ndani ya Ramadhani, lakini siku inategemea mwezi ulionekana wapi, na mabishano yakishachongwa kwenye fedha hayafutiki.

Weusi wa kujaza herufi, ule wa salfa, upakwe kwenye duara KABLA sarafu haijaingia. Suuza kwa maji ya soda ya kuokea, halafu maji yaliyokenekwa, kausha kabisa. Salfa iliyobaki kwenye kona ya ukuta itaila sarafu polepole.

Fundi_Makadara

Na kulaza ukuta, niseme mimi, hii ni kazi ya mkono wangu kila siku. Bana duara kwenye jiliwa lenye mdomo wa mbao au ngozi. Sukuma kwa chuma laini kilichong'arishwa, kwanza penye 12 kama kwenye uso wa saa, kisha penye 6, kisha 3, kisha 9, halafu katikati ya hizo. Usizunguke moja kwa moja, ukuta utarundikana mwishoni ufanye mkunjo. Msukumo ni kutoka chini kwenda juu na ndani, kidogokidogo. Zungusha mara 4 au 5 badala ya kulaza kwa mara moja. Kwa sarafu dhaifu laza mm 0.4 tu, na usitumie nyundo.

Gundi hapana, ya aina yoyote. Inafungia unyevu nyuma ya sarafu na kuitoa baadaye ni balaa. Sarafu ikicheza, ukuta haujakaa, urudie.

Kaskazi_Mutrah

Kabla ya kufunga piga picha pande zote mbili na ukingo, pamoja na rula, na picha za kabla ya kusafisha ziwepo pia. Andika uzito mkavu, usomaji wa majini, kipenyo, tarehe ya kazi, na nini kimefanywa kwenye uso. Weka pamoja na hati ya mauzo ya awali. Hati isitiwe laminesheni.

Kwa wanaouliza sheria: riyali ya 1944 iliyonunuliwa na hati yake haina shida ya mambo ya kale. Lakini msiichukue njia hii kwa fedha iliyookotwa na wavuvi kwenye miamba yetu. Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavihusu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya makumbusho ya 2006 inavihusu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Reale la Hispania kutoka baharini halipelekwi kwa sonara. Linapelekwa makumbusho likiwa limelowa ndani ya maji ya bahari, bila kukaushwa.

Bandari_Kuu

Nimeelewa. La mwisho: nikishaivaa, niitunzeje? Na nikiona ule unga mweupe?

Dada_wa_Shangani

Futa kwa kitambaa cha pamba kikavu baada ya kuivaa, jasho lina chumvi. Usiogee nayo wala usiogelee nayo. Ihifadhi kwenye mfuko wa polithini wenye zipu pamoja na kipakiti cha silika. Ile mifuko laini yenye harufu ya plastiki mpya ina PVC, inatoa kloridi na ute wa kijani. Usiiweke kwenye droo yenye raba au sufu, zote zina salfa. Utando mwembamba wa nta ngumu inayotumiwa na makumbusho unaweza kupakwa kwenye duara. Kwenye sarafu pia, ikiwa chumvi imekwisha kutoka.

Unga ukionekana, usiusugue. Mpelekee fundi auinue ukuta upande mmoja kwa bapa la mbao ngumu, sarafu itoke, irudi kwenye maji yaliyokenekwa na kalamu ya kupimia kama mwanzo. Ukuta wa mm 0.5 huvumilia kuinuliwa na kulazwa tena mara moja, pengine mbili. Zaidi ya hapo hukatika, na fundi atalazimika kulehemu ukuta mpya.

Fundi_Makadara

Mara moja. Akiuinua mara ya pili aulainishe kwanza kwa moto, sarafu ikiwa imeshatoka.